Sindano ya Mapera, Santuri ya Liuli

Mnaonijia hapa Mbinga na pleya zenu za mtumba, karibuni sana, ila kwanza toeni kidole kwenye sindano. Najua mnataka kujua kama bado ni kali. Kila mtu anafanya hivyo. Mafuta ya kidole yanabaki pale, vumbi linanata, halafu mnaniambia, mama, sauti inakoroma. Chukueni brashi laini, hata ile ya rangi ya kucha, mradi ni mpya, mpitishe taratibu kutoka nyuma kuja mbele, jinsi santuri inavyokwenda. Msipitishe kwa ubavu. Kijiti kinachoshika sindano ni chembamba kuliko njiti ya kiberiti, na kikishapinda ndiyo basi.

Mimi nimestaafu. Kibanda changu cha karibu na stendi kina mtu mwingine sasa, anabadilisha vioo vya simu. Lakini tangu santuri zirudi kupendwa mnanifuata mpaka nyumbani, nami sifukuzi mtu. Nimeona niyaandike haya kwa sababu kila anayekuja anauliza yaleyale, na sauti yangu haina nguvu ya zamani.

Sikuanza na pleya. Nilikuwa fundi cherehani, nakaa barazani na mashine yangu, nashona sare za shule na magauni ya komunyo. Jirani yangu alikuwa Mzee Salehe, mtu wa Pangani, aliyeletwa huku na serikali kushughulikia simu za ofisini. Jioni akishatoka kazini alitengeneza redio na pleya za watu. Siku moja akaja barazani na kichwa cha pleya mkononi, nyaya nne zinaning'inia, nyembamba kama unywele. Vidole vyake vilikuwa vinene kama ndizi mzuzu.

"Binti," akasema, "wewe kutwa unatunga uzi. Hebu nitungie na hizi."

Nikamtungia. Kesho yake akaleta kingine. Haukupita muda nikawa nashinda kwake kuliko kwenye cherehani, na mume wangu akaanza kuuliza kama nimeolewa Pangani. Alinyamaza siku redio yake ilipokufa nami nikaifufua kabla ugali haujaiva.

Mzee Salehe alifundisha kwa maneno machache. Kwenye nyaya hakuna madhehebu, alisema: nyekundu na kijani ni kulia, nyeupe na bluu ni kushoto, uwe wa Roma, wa Anglikana au wa msikitini. Yalinikaa kichwani mpaka leo. Wateja walikuwa wakifika wananipita pale mlangoni, wanachungulia ndani, wanauliza, "Fundi yuko wapi?" Yeye alikuwa ananionyesha kwa kidevu huku akiendelea kunywa chai yake.

Mwalimu mmoja aliyehamishiwa huku kutoka Musoma alileta pleya iliyokuwa inarukaruka. Ili isiruke, alikuwa amebandika kipande cha sabuni ya mche juu ya kichwa cha mkono wa pleya. Kweli haikuruka tena, lakini santuri yake nzuri ya rumba ilikuwa imetoa unga. Mzee Salehe hakucheka. Aliibandua ile sabuni, akanipa, akaniambia nikanawe mikono tuanze kazi.

Uzito mkubwa unachimba, hilo wengi mnalijua. Msilolijua ni kwamba uzito mdogo mno nao unaharibu. Mnadhani mkono ukiwa mwepesi ndiyo huruma. Sindano inayoelea inagongagonga kuta za kifereji cha santuri, na kila ikigonga inabomoa. Katriji, yaani kile kichwa kinachobeba sindano, ina uzito inaoutaka, muutafute huo. Sisi hatukuwa na mizani ndogo kama zenu. Tulilaza rula juu ya penseli, upande mmoja sindano, upande wa pili vifungo vya shati ambavyo mzee alikuwa amevipima kwenye mizani ya duka la dawa. Vifungo nilivitoa mimi, kwenye mkebe wangu wa kushonea.

Na kunyooka kwa sindano mnakupima kwa kioo. Laza kioo kidogo cha mfukoni kwenye sahani ya pleya, shusha sindano juu yake polepole, kisha inama uitazame kwa mbele. Sindano na kivuli chake kiooni viwe mstari mmoja. Vikikunjana kama kiwiko, legeza skrubu, geuza kidogo, tazama tena.

Sasa kuna jambo ambalo kwenye video zenu sijaona likitajwa. Katriji nyingi za pleya za zamani zina kipande cha fuwele ndani, aina ya chumvi, na hicho ndicho kinachogeuza mtikisiko wa sindano kuwa umeme mdogo. Chumvi na unyevu hamhitaji kuelezwa. Katriji iliyokaa Mbamba Bay au Liuli, kwenye joto na hewa nzito ya ziwa, nilikuwa nikiifungua nakuta uji. Iliyokaa huku juu kwenye baridi letu, ndani ya kabati, mara nyingi ilikuwa hai. Mzee Salehe akipokea mashine iliyotoka ziwani alimpa mtu pole kabla hajaifungua.

Hayo yananikumbusha safari zangu za Mapera, kijiji cha huku juu, wakati Mzee Salehe ameshastaafu na kurudi kwao, nami najiandaa kufunga kibanda.

Alikuja mama mmoja kutoka Liuli, mrefu, mwembamba, kavaa koti la mvua na raba. Jina lake Estheri. Alikuwa nesi mstaafu. Mkononi alikuwa na kifurushi cha usipa wakavu, dagaa wa ziwani, na kitu cha mviringo alichokibana kati ya vibao viwili vya kukatia mboga, kisha akakifunga kitenge.

"Shikamoo, mama," nikamwambia.

"Marahaba. Wewe ndiye fundi?"

"Ndiye mimi."

Hakushangaa. Alifungua kitenge, akatoa vibao, akaniwekea santuri mezani. Nyeusi, nzito, ya aina ile inayovunjika kama sahani ya udongo.

"Humu naimba mimi na dada yangu," akasema. "Baba anapiga kinanda. Alikuwa mwalimu wa kwaya. Watu wa redio walipita na mashine zao, wakatunasa sauti, baadaye wakaleta santuri chache. Nyingine zimevunjika zote. Imebaki hii."

"Mara ya mwisho umeisikia lini?"

"Baba akiwa hai." Alikuwa ananitazama mdomo. "Daktari ameniambia masikio yanafunga na hayatafunguka. Nataka niisikie kabla hayajaisha."

Niliinua santuri kwenye mwanga wa dirisha. Vifereji vyake vilikuwa vipana, vya santuri zile za zamani zinazozunguka kwa kasi. Mashine yangu pale kibandani ilikuwa na sindano nyembamba, ya santuri zilizokuja baadaye. Ukiweka sindano nyembamba kwenye kifereji kipana inazama mpaka chini, inaburuza sakafuni kwenye uchafu wa miaka yote, na unachosikia ni mchanga. Sauti ya mtu iko juu, kwenye kuta, na huko haifiki. Basi nikamwambia siwezi kuipiga hapa. Akaniomba nirudie, nikasogea karibu nikarudia.

"Mashine ya baba iliweza," akasema.

"Iko wapi hiyo?"

Alikunja kitenge kwanza, pembe kwa pembe.

"Mapera. Kwa dada yangu Rosa."

Habari yao nilikuja kuipata kidogokidogo, kwa huyu na kwa yule. Rosa, mkubwa, alipendana na kijana wa Kimatengo, mkulima wa kahawa wa Mapera, Mkatoliki. Baba yao, Mwanglikana, hakutaka. Rosa akaenda hivyohivyo, akabadili dhehebu, akaolewa, na Estheri akawa upande wa baba, hakuhudhuria harusi. Baba alipofariki wakakutana msibani. Wakati wa kugawa vitu vya marehemu kila mmoja alitaka pleya na santuri, vyote pamoja. Wazee wa ukoo wakakaa, wakaamua mkubwa achukue mashine, mdogo achukue santuri. Nadhani wale wazee walitaka kuwafanya watafutane. Hawakutafutana. Mashine ikapanda Mapera, santuri ikabaki sandukuni Liuli, na wale dada wakazeeka.

Nilimwomba Bibi Estheri aniachie santuri. Alisita sana, mwishowe akakubali. Niliiweka kabatini kati ya vitambaa, naye akateremka kwao. Siku ya soko nikapanda gari la Mapera.

Nilimkuta Bibi Rosa uani, amekaa kwenye mkeka anachambua kahawa, anatupa punje mbovu bila hata kuzitazama. Mnene, uso mpana, sauti ya kutoka tumboni. Nilipomwambia mimi ni fundi wa pleya na nimetoka kuongea na mdogo wake, hakuinua kichwa.

"Amekutuma?"

"Hajanituma. Nimekuja kuomba nione mashine."

"Mashine haitoki hapa. Wazee walisema ni yangu. Mwambie na yeye akae na santuri yake huko Liuli."

"Haiko Liuli, Bibi. Iko kwangu Mbinga."

Hapo mkono ukasimama juu ya kahawa.

"Kwa nini ameitoa?"

"Masikio yake yanafunga. Anataka aisikie kabla."

Kuku wakasogea kwenye mkeka, wala Bibi Rosa hakuwafukuza.

"Estheri," akasema mwishowe. "Yeye ndiye aliyekuwa na sikio kutushinda sote. Mtu akikosea sauti nyuma kabisa ya kwaya, alimjua kwa jina." Akainuka kwa kushika goti, akaingia ndani, akarudi ameibeba mashine mwenyewe. Ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kufuma, kisafi. Hakukubali nimsaidie.

Nilipitisha brashi kwenye sindano, spika ikakoroma. Katriji ilikuwa hai. Baridi la Mapera lilikuwa limeitunza. Ilikuwa ya aina yenye kijiwashio kidogo cha kugeuza: upande mmoja sindano nyembamba, upande wa pili nene, kwa ajili ya santuri za zamani. Nikatoa kioo changu cha kukuzia. Nyembamba ilikuwa nzima. Ile nene, ambayo baba yao aliitumia miaka na miaka, ilikuwa imelika pande zote mbili mpaka ncha imekuwa kama patasi. Sindano ya namna hiyo haisomi santuri, inaichonga.

"Ipige tu mara moja," Bibi Rosa akasema.

"Tutasikia, Bibi, lakini huku tunasikia inafutika."

Akafikiri. "Basi tafuta nyingine," akasema. "Lakini usichelewe. Yeye hana muda, na mimi ni mkubwa kwake."

Hapa nisikilizeni vizuri, maana ndipo mnapopoteza nauli zenu. Sindano haitafutwi kwa jina la pleya. Kampuni moja ya pleya ilifunga katriji za aina nyingi, kulingana na kilichokuwepo kiwandani. Tafuteni kwa jina la katriji, na jina likiwa limefutika, kwa umbo la mkia wa sindano, pale inapochomekwa. Mimi niliuchora ule mkia kwenye kipande cha karatasi ya kukatia nguo, nikampigia simu ndugu yangu Dar es Salaam, akazunguka, akanitumia mbili kwa basi. Zote zilifanana na ile ya Mapera kwa mbele. Kwa nyuma hata kuingia hazikuingia.

Ikabidi nitafute huku kwetu. Niliuliza kanisani, sokoni, kwa mafundi waliobaki, kwa watu waliokuwa vijana enzi za rediogramu. Mwisho nikaelekezwa Mkumbi, kwa Mzee Kasiani, aliyekuwa karani wa ushirika wa kahawa. Alikuwa na rediogramu kubwa, kabati zima la mbao lenye redio na pleya, ukumbini. Alinikaribisha vizuri, akanipa ndizi, lakini nilipoomba kufungua kifuniko akaweka mkono juu yake.

"Humu kuna kuku," akasema. "Ametamia."

"Naomba tu nione kichwa cha pleya, mzee wangu."

"Mimi nimekuelewa. Kuku ndiye hatakuelewa. Rudi akishaangua."

Nikamweleza habari ya Bibi Estheri, na masikio yasiyoweza kungoja vifaranga. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akavua kofia yake, akafungua kifuniko taratibu, akamfunika kuku kichwa kwa ile kofia na kumshika kwa mikono miwili, huku akimsemesha Kimatengo kwa upole kama anayembembeleza mgonjwa. Nami nikaingiza bisibisi kwa pembeni. Kuku alinidonoa kifundo cha mkono kupitia kofia, alama ninayo. Lakini sindano niliitoa, na mkia wake ulikaa sawasawa juu ya mchoro wangu.

Niliipeleka dirishani. Upande mnene ulikuwa mpya kabisa, ncha ya mviringo, inang'aa.

"Mzee, hii haijawahi kupigwa?"

"Santuri sikuwa nazo," akasema. "Mimi ni mtu wa taarifa ya habari na mpira."

Bibi Estheri alipanda tena kutoka Liuli, akalala kwangu, asubuhi tukaenda Mapera pamoja na ile santuri kwenye vibao vyake. Tulipofika, Bibi Rosa alikuwa amesimama mlangoni, kavaa gauni la kanisani.

"Shikamoo, dada," Estheri akasema.

"Marahaba. Umekonda."

"Na wewe umenenepa."

"Ingia ndani, upepo mkali."

Hayo ndiyo yote waliyosemezana. Estheri akakaa kwenye kochi, Rosa akakaa kwenye kiti mbali kidogo, nami nikaanza kazi, na nilifurahi kuwa na kitu cha kutazama.

Nilichomeka sindano, nikabadilisha raba ya kuzungushia sahani iliyokuwa imelegea. Nikalaza rula juu ya penseli, nikapanga vifungo. Katriji za zamani zinataka uzito kuliko hizi zenu, msiogope. Nikaweka kioo, nikainama mpaka mgongo ukalia. Kisha nikaijaribu kwanza kwenye santuri mbovu niliyokuja nayo, yenye ufa. Msijaribu kazi yenu kwenye santuri ya mtu. Mjukuu wa Bibi Rosa, mwalimu wa sekondari, aliomba aweke simu karibu na spika ili ainase sauti. Nikamruhusu. Siku hizi ndiyo njia: piga mara moja vizuri, nasa, kisha iache santuri ipumzike.

Nikageuza kijiwashio upande wa nene, nikashusha mkono.

Kwanza ulikuja ule mkwaruzo wa santuri za zamani, kama mahindi yanayokaangwa chumba cha pili. Halafu kinanda. Halafu wasichana wawili, mmoja chini, imara, mmoja juu, mwembamba, amepanda mahali ambapo mtu mzima hawezi kufika. Niliwahi kusikia santuri nyingi katika maisha yangu. Nilisahau kama nina bisibisi mkononi.

Bibi Estheri alikuwa ameinama, kichwa karibu kabisa na spika, macho kayafumba. Nikaona uso wake unabadilika, na si kwa furaha.

"Sijisikii," akasema.

Nikajua papo hapo. Masikio ya mzee yanaanza kufunga kutoka juu. Sauti nyembamba ndizo zinazotangulia kuondoka, na yule wa juu alikuwa yeye. Nilikuwa nimetafuta sindano Dar mpaka Mkumbi, nimepima, nimenyoosha, na kilichokuwa kinakosekana hakikuwa kwenye mashine.

"Nasikia kinanda cha baba," akasema. "Namsikia Rosa. Mimi simo."

Bibi Rosa akatoka kwenye kiti chake. Akaja akakaa kwenye kochi, ubavu kwa ubavu, akamshika mdogo wake mkono.

"Umo," akamwambia sikioni, kwa ile sauti yake nene. "Mimi nakusikia. Sasa umenyamaza, naimba peke yangu. Ngoja. Ngoja. Haya, ingia."

Na kila sauti ya juu ilipoingia, alimgonga kwa kidole kwenye kiganja. Ilipopanda, alikwea na kidole mpaka kwenye kifundo cha mkono. Iliposhuka, alirudi kiganjani. Estheri alifumba macho tena. Midomo yake ikaanza kwenda. Hakutoa sauti, ila maneno alikuwa anayapata mahali pake hasa.

Santuri ilipokwisha niliinua mkono wa pleya. Kisha Estheri akauliza, "Niliimba vizuri?"

"Uliimba vizuri," Rosa akasema. Akafikiri. "Mwishoni ulivuta kidogo. Lakini vizuri."

"Baba alitaka nivute."

"Najua. Nilikuwepo."

Waliniomba niipige tena, nami nikaipiga. Fundi mwingine angekataa. Santuri kama ile ina mara zake za kupigwa, na kila mara inaondoka na kitu. Niliona mara hiyo imetumika mahali panapostahili.

Bibi Estheri hakurudi Liuli siku ile, wala wiki ile. Alikaa Mapera mpaka kahawa ikaisha kuchumwa, wakichambua pamoja kwenye mkeka na kubishana habari za watu waliokufa zamani. Alipoamua kuteremka alipita kwangu kuniaga. Nilimwona hana kile kifurushi cha kitenge, wala vibao.

"Santuri iko wapi, mama?" nikamuuliza, nikisogea karibu ili anione mdomo.

"Nimeiacha kwa Rosa."

"Si ulipewa na wazee?"

"Kule Liuli niipeleke wapi," akasema. "Nani atanionyesha pale ninapoingia?"